Oili Ndani ya Ufa

Sostenes Kikoti alimkumbatia Bartholomeo Mgaya getini, akampokea begi, akamwita Bwana Misitu mbele ya wabeba magogo wote wa yadi, kana kwamba bado wako Mufindi na si Nansha, bandari ya Guangzhou, China.

"Shikamoo, Bwana Misitu! Umenenepa."

"Marahaba. Ni huu unyevu. Hata kuta za hoteli yangu pale mtaani Xiaobei zimenenepa."

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi Machi, saa nne asubuhi, msimu ule ambao kuta za Guangzhou hutoka jasho na nguo haikauki hata uipepee. Bartholomeo alikuwa ametumikia misitu ya Mufindi miaka ishirini na sita. Sasa alikuwa mkaguzi wa shirika linalofuatilia mbao kutoka kisikini hadi dukani, na kazi yake ilikuwa kutomwamini mtu yeyote mwenye karatasi safi. Sostenes alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Miaka mitatu iliyopita yadi hii ilipotafuta mtu wa kupima ubora wa magogo, Bartholomeo ndiye aliyemwandikia barua ya kumpendekeza. Aliiandika kwa mkono wake na hakuwahi kuijutia.

Nyuma ya Bartholomeo alishuka garini msaidizi wake, Imelda Rugaimukamu, aliyekuwa akimalizia udaktari wa sayansi ya mbao katika chuo kimoja cha mjini. Alibeba msumeno mdogo wa mkono, kioo cha kukuzia na chupa ya chai.

"Huyu ni daktari," Bartholomeo alimtambulisha.

"Bado, Mzee. Imebaki miezi minne."

"Mhaya akishaanza shule tayari ni daktari. Kinachosubiriwa ni joho tu."

"Na Mbena akishafika China bado anauliza kama kuna pombe ya ulanzi," Imelda alijibu, na Sostenes akacheka hadi akakohoa.

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Huko Ulaya ya kati, katika msitu wa milimani uitwao Krasnava, ukame wa miaka mitatu mfululizo ulidhoofisha misprusi, ndugu wa misonobari yetu, kisha mbawakawa wadogo kama punje ya mchele wakaingia chini ya magome na kuimaliza. Serikali ya huko ikaruhusu miti iliyokufa ikatwe haraka kabla wadudu hawajahamia mizima. Sharti lilikuwa moja: kila mti ukaguliwe na bwana au bibi misitu wa eneo, ugongwe nyundo yenye namba yake, na gogo lisilo na alama ya nyundo lisitoke msituni.

Bibi misitu wa Krasnava aliitwa Hannah, na nyundo yake ilikuwa namba thelathini na moja. Katika kitalu namba kumi na mbili kulikuwa na mialoni hai ya miaka mia mbili, ambayo Hannah alikataza isiguswe. Mialoni hiyo ilikuwa imeustahimili ukame, na mbegu zake ndizo alizotaka kupanda pale misprusi ilipokufa, ili msitu ujao usiwe wa aina moja ya mti na kuanguka wote kwa mdudu mmoja. Sasa mialoni arobaini na miwili ilikuwa imekatwa, imesafirishwa kama miti iliyokufa, na imefika Nansha ikiwa na alama ya nyundo namba thelathini na moja.

Kamati ya nidhamu ingeketi siku hiyohiyo saa tatu asubuhi za huko, ambazo ni saa kumi alasiri za Guangzhou. Hannah akionekana aligonga alama zile, angefukuzwa kazi, alama zingehesabiwa halali, na Jumatatu misumeno ingerudi kitalu namba kumi na mbili kumalizia iliyobaki.

Sostenes aliwapeleka chini ya paa la mwisho. Magogo yalipangwa safu mbili. Ya mbele yalikuwa misprusi, magome yakibanduka, na chini ya magome kukiwa na vijia vya mbawakawa vilivyotawanyika kama maandishi ya mtoto. Ya nyuma yalikuwa mialoni: minene, mizito, rangi ya asali, bila tundu hata moja.

"Hii ndiyo iliyokufa?" Bartholomeo aliuliza, akiupiga mmoja kofi.

"Karatasi inasema hivyo, Bwana Misitu."

"Sikuiuliza karatasi."

Sostenes alitazama pembeni. "Mimi nilipokea mzigo tu. Kontena lilifunguliwa tarehe nne mwezi huu, nikapima urefu na unene, nikamkabidhi laoban." Laoban ni bosi, na bosi wa yadi alikuwa Bwana Luo, aliyekuwa akiwachungulia kupitia dirisha la ofisi akiwa ameshika glasi ya chai.

Sostenes alipoitwa kupima mzigo mwingine, Imelda aliweka picha ya simu kando ya alama ya gogo la kwanza la mwaloni. Picha ilitoka kwa Hannah mwenyewe, alama halisi ya nyundo yake. Alilinganisha tarakimu za tatu na moja, mduara unaozizunguka, na pengo dogo kwenye mkia wa tatu.

"Mzee," alisema polepole, "huyu mama kaumbuka. Hadi pengo lipo."

Bartholomeo alilisogelea gogo. Alipiga magoti, akasogeza pua karibu na alama, akavuta pumzi. Kisha akakwangua kwa ukucha chini kabisa ya namba. Ukucha ulitoka mweusi. Akarudia kwenye gogo la pili, la tano, la kumi na moja. Alipoinuka, goti lilimlia na uso ulikuwa umebadilika.

"Nipigie Hannah."

Kule kulikuwa bado hakujapambazuka, lakini Hannah alipokea kwa mlio wa kwanza. Walizungumza Kiingereza, kila mmoja na lafudhi yake.

"Nyundo yako iko wapi?"

"Kabatini ofisini, kwenye kufuli, tangu tarehe tatu Januari. Siku ile nilianguka kwenye barafu nikavunjika mguu. Lakini kuna funguo mbili, na kamati inasema ningeweza kumtuma mtu."

"Mkigonga alama, mnaipaka nini?"

"Hatupaki kitu. Tunagonga pakavu, basi. Kwa nini?"

"Nitakuambia kabla ya saa tatu yako."

Hannah aliongeza jambo. "Bwana Mgaya, bado imesimama mialoni mia moja na tisa. Jana nimekwenda kuihesabu, nikitembelea magongo."

Bartholomeo alikata simu, akachukua hati ya mzigo na kumsomea Imelda tarehe kwa sauti. Magogo yalikatwa tarehe tisa Januari. Kontena lilifungwa na kupigwa lakiri, muhuri usiofunguka bila kukatwa, tarehe kumi na tano. Lilifunguliwa Nansha tarehe nne Machi, lakiri ikiwa nzima.

"Sasa niambie, daktari. Gogo la mwaloni likikaa siku sita kwenye theluji, linapasuka nyufa kama hizi?"

Imelda alipitisha kidole kwenye nyufa zilizoanzia kiini cha gogo na kutawanyika hadi pembeni. "Halipasuki. Mbao iliyoganda haikauki. Hizi ni nyufa za safari. Kontena limepita kwenye joto wiki kadhaa, ncha zimekauka kabla ya tumbo, zikavutana, zikapasuka."

"Kwa hiyo ufa ulizaliwa baharini."

"Ndiyo."

"Na alama ilizaliwa wapi?"

Imelda alitazama alama, akatazama ufa uliopita katikati yake, na macho yakamtoka. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alikata kisahani chembamba mwishoni mwa gogo, alama ikiwa juu yake, akakipasua kwa kufuata ufa. Kuta za ufa, pale ulipopita chini ya namba, zilikuwa nyeusi kwa oili hadi kina cha pingili ya kidole. Alipasua ufa mwingine uliokuwa mbali na alama. Huo ulikuwa safi kabisa.

"Alama ingegongwa Ulaya," alisema taratibu, kama anayejiandalia utetezi wa tasnifu, "oili ingebaki juu, na ufa ungekuja baadaye kuikata, ndani ukiwa msafi. Lakini oili imetiririka ndani ya ufa. Ufa ulikuwepo kwanza. Mzee, hizi alama zimegongwa hapa!"

"Punguza sauti. Ndani ya kontena lenye lakiri hakuna mtu wa kugonga nyundo. Zimegongwa baada ya tarehe nne, kwenye yadi hii."

"Basi ni yule." Imelda alielekeza kidevu kwenye dirisha la ofisi. "Tangu tufike hajatoka, na kile chumba cha pembeni nimeona mtu wake anakifunga kwa haraka."

Wakaenda. Bwana Luo alikuwa mpole hadi walipokitaja kile chumba. Hapo alipunga mikono yote miwili. "Mei you, mei you," alisema, akimaanisha hakuna kitu. Imelda, ambaye Kichina chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili cha Wachina wengi wanaowauzia Waafrika pale Xiaobei, alimweleza kwamba yadi isiyokaguliwa yote haipewi cheti. Bwana Luo akameza chai, akatoa ufunguo.

Chumba kilijaa viatu bandia vya michezo vilivyonakshiwa majina ya kampuni za watu wengine, maboksi kwa maboksi hadi darini, mzigo wa shemeji yake mwenye duka kwenye soko la Liuhua. Bwana Luo alisimama katikati yake, masikio mekundu. Nyundo haikuwepo.

"Mwambie viatu si kazi yangu," Bartholomeo alisema. "Mimi ni mtu wa miti. Muulize hii mialoni ilifika na alama?"

Bwana Luo alijibu kwa kirefu. Imelda alitafsiri kwa kifupi. "Anasema yeye hajui kusoma alama za magogo na hajawahi kuzitazama. Alama ni kazi ya yule Mtanzania. Anasema ndiyo maana alimwajiri. Alikuja na barua nzuri."

Walirudi chini ya paa. Bartholomeo alikaa juu ya gogo la msprusi, akamimina chai ya Imelda kwenye kifuniko, akainywa yote.

"Nikueleze jambo," alisema. "Mufindi kuna ukungu na mvua. Magogo yetu yalikuwa yakikaa wiki mbili yanaota ukungu, na yakifika kwenye kizuizi cha barabarani alama haisomeki, dereva anashushwa mzigo mzima. Nikabuni dawa. Kabla ya kugonga, unachovya dole gumba kwenye oili chafu ya msumeno, unapaka mahali pa alama, ndipo unagonga. Kabla, si baada. Nyundo inaisukuma oili ndani, namba inabaki nyeusi miezi. Sijaona kambi nyingine ikifanya hivyo. Niliwafundisha vijana wangu tisa. Wawili wamekufa, mmoja ni mchungaji, watano wako kwao."

Imelda alihesabu kimya, akafika palipobaki mmoja. "Labda mtu mwingine naye alibuni."

"Labda. Ndiyo maana sitamuuliza. Mtu ukimuuliza unampa nafasi ya kufikiri."

Alimwita Sostenes. Alimwambia kwamba anachukua sampuli tano za misprusi, kwamba kila sampuli lazima igongwe alama ya shirika, na kwamba mgongo wake tangu juzi umegoma kuinama. Akatoa begini nyundo ya shirika, akampa.

Hilo la mgongo lilikuwa uongo. Sostenes aliipokea nyundo kwa mikono miwili, akaipima uzito kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Bartholomeo alimtazama na kuomba moyoni, kwa dhati kabisa, agonge pakavu. Hakuwahi kutamani kukosea namna ile.

Sostenes alipanga vipande vitano kwa mstari. Aliinua nyundo, akasita, akaangaza huku na huku. Karibu na mashine ya kupasulia palikuwa na kopo la oili chafu. Alikwenda, akachovya dole gumba, akarudi, akapaka kipande cha kwanza mduara mmoja mdogo. Kisha akagonga. Pigo moja, safi, bila kurudia. Akapaka cha pili, akagonga. Alipofika cha tatu alihisi ukimya, akainua macho.

Imelda alikuwa ameshika kile kisahani cha mwaloni, upande wa ufa mweusi ukimwelekea.

Sostenes alitazama ufa. Akalitazama dole gumba lake. Akaiweka nyundo chini taratibu.

"Bwana Misitu," alisema.

"Nyundo namba thelathini na moja iko wapi?"

"Chini ya kiti cha foklift."

"Ilitengenezwa wapi?"

"Liuhua. Kuna fundi anachonga mihuri ya kugongea nembo kwenye soli za viatu. Nilimpa picha, akaichonga siku hiyohiyo. Hakuuliza ni ya nini."

"Picha uliipata kwa nani?"

"Kwa yule msafirishaji wa huko Ulaya. Alinitumia kwenye WeChat. Alisema bibi misitu anaumwa, mzigo uliondoka bila kugongwa, ila vibali vyote viko sawa, ni alama tu imesahaulika. Alisema mnunuzi akikuta gogo halina alama atalikataa, na laoban atanirudisha nyumbani."

"Ukamwamini."

Sostenes alikuwa Mhehe. Wahehe wanasifika kwa ukaidi, na kwa dakika nzima alijaribu kuwa mkaidi. Kisha mabega yakashuka. "Hapana. Mti mfu naujua, wewe ndiye uliyenionyesha. Nilipoipima ile mialoni, wa kwanza tu, nilijua ulikatwa ukiwa hai. Nikasema moyoni, umeshakatwa, alama haitauumiza zaidi."

"Imebaki mia moja na tisa, Sostenes. Imesimama. Zile alama zako ndizo zinazokwenda kuiangusha Jumatatu, na yule mama aliyeilinda anafukuzwa leo kwa kosa lako."

"Sikujua kwamba huyo mama anafukuzwa."

"Sasa unajua."

Ilikuwa saa nane na nusu. Sostenes alikwenda mwenyewe kwenye foklift, akarudi na nyundo iliyofungwa ndani ya glovu, akaikabidhi kwa Imelda kwa sababu hakuweza kumtazama Bartholomeo. Kisha alikaa juu ya gogo na kuandika maelezo yake kurasa mbili, jina la msafirishaji, tarehe, duka la fundi, kila kitu. Mwandiko wake ulikuwa uleule wa Mufindi, umelalia kushoto.

Bartholomeo aliandika yake kwenye meza ya kupimia. Imelda alisoma akiwa amesimama nyuma ya bega lake, na alipofika aya ya tatu alimshika mkono.

"Mzee, hii itoe. Ufa unatosha. Oili inatosha. Ukiandika kwamba mbinu hii uliibuni wewe, na kwamba kazi alipata kwa barua yako, shirika litakutoa kwenye kesi leo hii. Watasema mkaguzi anamkagua mtoto wake."

"Watakuwa wamekosea?"

Imelda aliuachia mkono wake.

"Wakili wa msafirishaji atauliza swali moja tu: mkaguzi alijuaje ni Sostenes? Nikinyamaza, atalijibu yeye mbele ya kamati, na Hannah ataanguka pamoja na mimi. Nikisema mwenyewe, nitaanguka peke yangu."

Aliandika sentensi ya mwisho, akaipigia mstari: *Njia ya kupaka oili kabla ya kugonga niliianzisha na kuifundisha mimi.* Akaweka sahihi, akamsogezea Sostenes karatasi zake naye aweke. Sostenes aliweka sahihi. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akabonyeza dole gumba lake kando ya jina, alama nyeusi yenye mistari yote ya kidole.

Bartholomeo aliitazama alama ile kwa muda. Alinyanyuka, akaenda hadi kwenye kopo, akachovya dole lake, akarudi na kulibonyeza chini ya sahihi yake mwenyewe.

Imelda alipiga picha kurasa zote, kisahani, ufa na nyundo. Saa tisa na dakika ishirini alituma kwa kamati, kwa Hannah na kwa makao makuu. Wakakaa kusubiri. Bwana Luo alituma chai mpya, labda shukrani kwa kunyamaziwa viatu.

Saa kumi na nusu jumbe mbili ziliingia kwa kufuatana. Wa Hannah ulikuwa mfupi: shauri limesitishwa, kibali cha kitalu namba kumi na mbili kimefungwa, asante, siwezi kuandika zaidi, nalia. Wa makao makuu ulikuwa mfupi vilevile: rudisha kitambulisho na nyundo ya shirika Jumatatu, kesi anapewa mwingine.

Bartholomeo aliusoma wa kwanza kwa sauti. Wa pili alimpa Imelda ausome mwenyewe, naye Imelda akageuka akajifanya anafunga msumeno. Sostenes alikuwa ameketi palepale, akisubiri watu wa kuchukua maelezo yake zaidi, viza yake ikiwa mfukoni kama kitu kilichokwisha muda.

Bartholomeo alisugua dole lake kwa maji ya chupa. Weusi haukutoka. Alijaribu leso, ukasambaa hadi kiganjani.

Sostenes aliinama, akachota unga wa mbao za mwaloni chini ya mashine, akamnyooshea mkono uliojaa.

"Sugua na huu, Bwana Misitu," alisema. "Maji hayaiwezi. Wewe ndiye uliyenifundisha."